Hati ya Shumba Usimpe Mtu

Wawi, Chake Chake,
Pemba.
Jumatano, 14 Mei 2025

Mpendwa mwanangu Jabir,

Assalaamu alaykum. Anayekuandikia ni ami yako Mmanga Hamad, mdogo wake marehemu baba yako, mwenye umri wa miaka sabini na tisa. Nimezika ndugu zangu wanne, nimewaona mabwana ghala sita wakistaafu, na makufuli kumi na moja yameliwa na chumvi mikononi mwangu, mie bado nipo. Skuli nilisoma madarasa matatu tu, kwa hiyo mwandiko huu uliopinda ni wangu, na wewe unaujua.

U hali gani huko Mtwara? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila goti langu la kulia halitaki ngazi. Hospitali sijaenda wala siendi. Masika yametunyeshea sana, nusu ya muhogo umeozea ardhini.

Lililonishikisha kalamu ni hati ya shamba letu la Shumba uliyonayo wewe. Jumatatu atakuja mtu kuichukua, atasema nimemtuma mie. Sijamtuma. Usimpe hati, wala picha yake. Dada yako Ummkulthum na wanawe wanakaa kwenye shamba lile na wanakula humo, hawana pengine pa kwenda.

Najua umesoma kwenye kundi la ukoo kuwa nimeagiza hivyo, na jina langu na picha yangu vipo. Yule si mie. Jumapili baada ya alasiri nilikaa barazani na jirani yetu Bi Kazija, simu ikalia. Sauti ya kijana.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Ami, hata sauti yangu umeisahau?"

Nikaona haya. Nikasema, "Jabir?" Akajibu, "Ndiye." Basi jina nilimpa mwenyewe. Akanambia simu yake imeibiwa, kwangu itaingia namba ya tarakimu sita, nimsomee apate kurudi kundini.

Bi Kazija akasema, "Mzee Mmanga, muulize kwanza mamaake yuko wapi."

Nikamwambia, "Wewe nyamaza, mie simjui mwanangu?"

Nikamsomea tarakimu zote sita, polepole, asije akakosea.

Kumbe zilikuwa ufunguo wa watsapu yangu. Magharibi haijaadhiniwa nimeshafungiwa nje, na yeye ndiye Mmanga. Nyinyi wenyewe mlikuwa mkibishana humo hati iko kwa nani, akasoma akajibiwa bure. Mjukuu wangu Yumna alipoandika kuwatahadharisha, mwizi akayafuta maneno yake na kumtoa kundini. Mkuu wa kundi nilikuwa mie peke yangu. Yumna alitaka tuwe wawili, nikamwambia ukoo hauwi na vichwa viwili.

Na hilo ndilo linaloniuma, maana ghala la karafuu nililolinda lilikuwa na makufuli mawili, moja langu na moja la karani, na hata bwana ghala hakuweza kufungua peke yake. Mwaka wa themanini na nne alikuja bwana mmoja na gari, sare imepigwa pasi, barua ina muhuri, anataka magunia ishirini saa ile ile kwa kuwa meli inang'oa nanga. Nikamwambia meli na iondoke. Akasema, "Wewe si mlinzi tu?" Nikamwambia, "Ndiyo, na wewe uko nje tu." Barua ikaja kujulikana ni ya kughushi. Miaka thelathini na mbili halikutoka gunia hata moja kwa uzembe wangu, na sijui mlinzi mwengine Pemba nzima wa kusema hivyo.

Mie niliyemwacha yule juani, nimemfungulia mtu aliyeniambia "mimi". Simu niliiona kitu cha kusalimiana, sikujua kuwa nayo ina mlango. Kazi ni ile ile. Mwizi hana haja na kufuli, ana haja na aliyeshika ufunguo. Yule wa ghalani alinitia haraka, sikutikisika. Huyu alinitia haya, nikafungua.

Siku mbili nilikataa kumwonesha mtu simu yangu, hilo kosa langu la pili. Jana nikampa Mwalimu Elineema, mpangaji wetu wa kutoka bara anayefundisha skuli hapa. Amejaribu, ikaonekana mwizi ameshatia neno lake la siri juu, tusubiri siku saba. Jumatatu itakuwa imeshapita.

Ndipo nikakupigia, ukanambia, "Nitajuaje kuwa ni wewe?" ukakata. Yumna kanieleza baadaye kuwa, kabla yeye hajatolewa kundini, mwizi alishawaandikia laini yangu imeibiwa, atakayepiga kwayo msimwamini. Nilikasirika, chakula cha jioni sikula. Leo nasema ulifanya vyema. Ungenikubali kwa sauti tu, ungekuwa umefanya kama nilivyofanya mie.

Barua hii anaileta Abrahman, mtoto wa fundi seremala mliyecheza naye mpira. Mtazame usoni kwanza ndipo uipokee. Nikirudi kundini, Yumna atakuwa mkuu pamoja nami, na hati haitatoka kwako mpaka watu wawili wa ukoo wasimame mbele yako kwa miguu yao.

Nisalimie mkeo na watoto wote. Ummkulthum anakusalimu, na Yumna pia. Mungu akuhifadhi wewe na kilichomo mkononi mwako.

Ni mie ami yako, nikupendaye na nisiyekutaka radhi mara mbili, kwa hiyo ishike hii: niwie radhi.

Mmanga Hamad

Wanaoweza kunithibitisha ni Bi Kazija, aliyesikia mazungumzo yote, na Mwalimu Elineema, aliyekaa nami nikiandika. Namba zao sikuandikii, maana mwenye kughushi barua angeghushi na namba. Zitafute kwa njia zako. Ukimpata mmoja wao, mwambie aniite, kisha uniulize jambo la utoto wako, na jambo hilo ulichague wewe.