Wino wa Dole Gumba la Bibi

Mdogo wangu Zawadi, huko shuleni hujambo? Sisi wazima. Nikuambie nisichomwambia mtu: wino niliuficha mimi, ndani ya debe la unga.

Umeuliza kwa nini Bibi hajaweka dole gumba kwenye karatasi ya Baba mkubwa. Baba mkubwa alisema karatasi ni ya matibabu. Niliisoma: ilisema Bibi amempa yeye shamba lake la kule Zombo. Niliona haya kusema mbele ya wazee, nikauficha wino. Baba mkubwa alipokwenda dukani kutafuta mwingine, nikamsomea Bibi.

Akasema, "Macho yamekwisha, mjukuu wangu. Akili bado."

Kesho mimi na Bibi tunakwenda ofisi ya kijiji. Nitaisoma karatasi hiyo kwa sauti, mbele ya mashahidi, hata nikiona haya. Habari ya wino usimwambie mtu. Hata Bibi hajui.

Dada yako, Neema