Enanga ya Juu ya Moshi

Bugomora,
14 Juni 1989

Kwako kaka Theoneste,

Shikamoo kaka. Mimi na Mama tu wazima, ila goti lake linamsumbua tangu tuvune maharage. Natumaini nawe hujambo, kwa kadiri mwanamume anayejipikia anavyoweza kuwa mzima.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umepata uzi mpya wa kano la ng'ombe, kile kinanda chetu cha enanga kinalia tena, na watu wa Nkwenda wanaulizia ule uimbaji wetu wa chini chini: wewe unagusa, unanyamaza, mimi naingia taratibu kama anayebembeleza mtoto, mpaka arusini watu wanaacha kucheza wasikilize. Unaniomba nirudi. Leo umeukumbuka.

Mwaka juzi walipokuja watu wa redio kuturekodi hukuukumbuka. Yule bwana alisema sauti yangu ni ya msibani, anataka iliyochangamka, nawe ukamjibu kwamba mkeo Adelgunda ataimba. Nilikuwa papo hapo nawamenyea ndizi, hukunitazama hata kidogo. Miaka tisa nimeimba nawe, kaka. Nilikataa hata posa ya Rwezaura, kwa sababu angenihamishia Muleba. Niliumia, na mpaka leo naumia.

Kesho yake enanga ilikutwa sakafuni, panya wameutafuna uzi. Na kwa kuwa ni uzi mmoja tu unaozungushwa kwenye matundu yote, hakikubaki cha kupiga. Watu wa redio wakaondoka na gari lao. Ukasema Adelgunda ni mvivu, ameshindwa hata kuitundika juu ya moshi wa jikoni, panya wasikofika. Aliapa kwamba aliitundika. Ukamrudisha kwao Nyaishozi na mimba ya miezi minne.

Aliitundika, kaka. Mimi ndiye niliyeishusha, nikaupaka ule uzi samli, nikailaza kando ya gunia la maharage. Nilimsikia akiapa nikanyamaza, nikamtazama akifunga kanga zake. Nilidhani nitafurahi.

Nenda Nyaishozi ukamwombe radhi. Litaje jina langu mbele ya wazazi wake, usinifiche. Kuimba nawe sitaki tena, maana kila ukinyamaza nitasikia kile kiapo. Huku shambani naimba peke yangu. Nikifika mahali pako pa kugusa uzi nasubiri, kisha naendelea.

Mama anakusalimu. Kila Jumapili ananiuliza mjukuu wake ataletwa lini amwone, nami naendelea kupepeta maharage.

Ni mimi mdogo wako,
Anonciata