Kamba Sita wa Léocadie

Bwiza, Bujumbura
Ijumaa, 7 Novemba 2025

Mdogo wangu mpendwa Léocadie,

Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, bado anabishana na redio? Sisi tu wazima. Daphrose wangu anakusalimu sana.

Nina habari ya ajabu. Tangu Agosti, jirani yetu Rachid, mvuvi, amekuwa akileta sangala walioliwa matumbo. Fadhila, anayemuuzia samaki hao sokoni, alimuuliza mbele ya watu kama siku hizi anavua pamoja na paka. Watu walicheka, kisha wakaacha kununua. Amemwambia kwamba kesho asipoleta samaki wazima, atatafuta mvuvi mwingine.

Unanijua: nisichokielewa huninyima usingizi. Nilimwomba Rachid aniletee chochote kinachonasa wavuni pamoja na samaki. Akaleta wanyama wawili katika ndoo, akisema ni kaa waliorefuka. Nilimweleza kwamba kaa wa ziwa letu ni wadogo, na wengi wao hawapatikani popote duniani ila humu. Hawa wana mkia wa kamba na mwili wa bluu, na dume ana doa jekundu kwenye gando. Hula majani, konokono, hata samaki aliyenaswa. Chini ya mkia wa jike nilihesabu mayai mpaka mia tatu, nikachoka. Je, kaa wetu watapata wapi chakula na pa kujificha? Swali hilo nimekaa nalo siku nne.

Sasa sikiliza. Krismasi ya mwaka juzi, ulipotuletea kamba sita kutoka Ziwa Kariba, wakiwa hai ndani ya majani mabichi, nilikuandikia kwamba tuliwala tukalamba vidole. Zawadi ya chakula hujibiwa hivyo. Ukweli ni kwamba hatukula hata mmoja. Ualimu wa biolojia haustaafu, dada yangu. Niliwatia katika bwawa dogo la mkwe wetu kule Kajaga, kando ya ziwa, niwatazame na kuandika tabia zao. Mwezi wa nne mwaka jana ziwa lilipanda, likameza bwawa. Nilifunga daftari, nikanyamaza.

Paka wa Rachid ni mimi.

Kesho nitakwenda na ndoo mezani kwa Fadhila, niyaseme haya mbele ya wanunuzi. Jumatatu nitapeleka daftari ofisi ya uvuvi. Nawe ukija, tafadhali usilete wengine walio hai.

Uliniuliza ladha yao, nami nikabuni. Leo mchana Daphrose amemchemsha yule dume kwa pilipili. Ni mtamu kweli, Léocadie. Ningewala wote sita.

Msalimie shemeji, na redio yake.

Kaka yako anayekuomba msamaha,
Télesphore