Mafuta ya Mashudu

Bariadi, 6 Juni 1995

Dada Felisita,

Mwangaluka. Watoto hawajambo hapo Mwanza? Sisi wazima, mvua tu imetukimbia.

Tangu biashara ya pamba iachiwe watu binafsi, mbegu nazipata tele. Ila kinu changu cha mkono cha kukamulia kilikuwa kinaacha mafuta mengi kwenye mashudu, yale makapi ya mbegu. Ndipo ukaniandikia kwamba viwanda huyaosha kwa heksani, inayotoka kwenye mafuta ghafi yaleyale yanayotoa petroli. Heksani Bariadi haipo, petroli ipo kituoni. Nikaloweka mashudu humo, nikachuja, nikaanika kwenye makarai juani siku tatu mpaka harufu ikaisha. Dada, mafuta yameongezeka karibu nusu! Tangu Aprili nauza kwa chupa, watu wanagombania. Kazi ya maabara yako imetufaa.

Mdogo wako,
Mahona

Mwanza, 12 Juni 1995

Mahona,

Salamu nitakupa siku nyingine.

Acha leo hii! Heksani ya kiwandani husafishwa kwa kazi hiyo, kisha huvukizwa yote ndani ya mitambo iliyofungwa. Petroli ya kituoni imetiwa madini ya risasi kwa ajili ya injini. Harufu inaondoka, risasi inabaki kwenye mafuta. Ni sumu ya damu na ubongo, na kwa watoto ndiyo mbaya zaidi. Mashudu hayo usiwape hata ng'ombe. Zunguka nyumba zote ulizouza, uyarudishe mafuta, waambie ukweli hata wakikutukana.

Nilikuandikia nusu ya jambo nikadhani inatosha. Kosa hilo ni langu.

Dada yako,
Felisita

Bariadi, 19 Juni 1995

Wifi,

Shikamoo. Hujambo na watoto?

Barua yako ililetwa Ijumaa na abiria wa basi. Mahona aliisoma amesimama, akakaa chini palepale uani. Tangu hapo anazunguka na baiskeli kukusanya chupa. Kwa mzee Maganga wamemfukuza kwa fimbo. Nyingi zinarudi tupu. Kula hali, na kukuandikia anaona aibu.

Barua hii naandika mwenyewe, yeye hajui. Kuna jambo hatukukuambia, maana kwetu halitangazwi mapema. Nina mimba ya miezi sita. Mafuta yale mazuri zaidi Mahona alikuwa ananiwekea mimi, kila siku, akisema nile nipate nguvu.

Mtoto anacheza sana, hata sasa ninapoandika. Umesema kwa watoto ndiyo mbaya zaidi. Na huyu je, wifi?

Wifi yako,
Milembe