Swali la Tisa Ambalo Sikumwuliza Mkwe Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Uwineza Zaina
Umri: Miaka 52
Kazi: Fundi cherehani, pia mshauri wa afya wa mtaa, kwa kujitolea
Makazi: Nyakabanda, Kigali

Mimi ndiye niliyeripoti kupotea kwa mkwe wangu, Bizimana Ilyasi, kinyozi, mume wa binti yangu Shimwa. Amepatikana, yu hai. Afande amesema nieleze tangu mwanzo, lakini mwanzo wenyewe siujui vizuri.

Mnamo tarehe 15 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, nilifika kwao na karatasi ya maswali ya kituo cha afya. Shimwa alikuwa amenidokeza kwamba mumewe halali wala hali. Maswali manane nilimwuliza, mimi nikitazama mlango, yeye sakafu, kama ilivyo adabu yetu ya mkwe na mama mkwe. Swali la tisa linauliza kama mtu amefikiria kujiua. Hilo sikuliuliza. Mtu anamwulizaje mkwe wake neno kama hilo? Ningeweza kumwachia mshauri mwenzangu, Ntare, nyumba ile, lakini niliona aibu kumpelekea mambo yetu ya ndani. Niliandika "hapana", nikaipeleka karatasi kituo cha afya. Nilidhani ni heshima.

Tarehe 17, saa mbili asubuhi, Ilyasi alitoka, simu akaiacha kitandani. Kazini kwake Gisimenti walisema hakufika. Tulimtafuta mtaa wa Gitega kwa dada yake, tukauliza msikitini. Saa kumi jioni nilikuja hapa polisi na Shimwa. Afande aliuliza kama alikuwa na mawazo ya kujidhuru. Nikasema hapana. Halafu nikasema sijui. Halafu nikaanza kulia, afande akaniletea maji.

Saa kumi na moja na nusu nesi Kaliza alimpigia Shimwa. Ilyasi alikuwa kwake, kituo cha afya. Alikwenda kuomba dawa ya tumbo. Kaliza alisoma karatasi yangu, akaona "hapana", akampa vidonge, akamruhusu aende. Kisha akamfuata mpaka getini, akamwuliza mwenyewe swali la tisa. Nilimwuliza kwa nini alimfuata.

"Mama Shimwa, hata mimi sijui. Alinishukuru sana, na ni vidonge tu."

Sielewi. Namwonea Kaliza hasira, na papo hapo miguu yake ningeibusu.

Leo tarehe 18, saa nne asubuhi, nilikaa mbele ya Ilyasi kituo cha afya. Nikamtazama usoni, mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu, nikamwuliza lile swali.

Akasema, "Yego, mama, ndiyo. Hata ile siku uliyokuja. Nilikuwa nangojea uniulize."

Niliyoyajua nimeyasema, na nisiyoyajua nimesema siyajui. Haya ndiyo maelezo yangu.

Sahihi: Uwineza Z.

Maelezo haya yamesomwa kwa shahidi kwa Kiswahili na Kinyarwanda, akayakubali. Aliomba neno "sikuliuliza" lipigiwe mstari. Nimelipigia.
Sajini Manzi, 18/9/2025, saa 8:20 mchana.