Sauti Iliyoniita Mara Moja

Mpendwa mama,

Huko uliko kuna baridi? Hapa Endarasha ukungu unashuka mapema siku hizi, na magoti yangu huutambua kabla ya macho. Ungenicheka. Mimi niliyekusihi uache kwenda msituni kutafuta kuni, sasa nasihiwa vivyo hivyo, na sisikii la mtu.

Nakumbuka mwaka tulipohama kutoka Gatitu, uhuru ukiwa bado mpya na shamba letu likiwa vichaka vitupu. Ulinivika mkanda wako wa ngozi kwenye paji la uso, mzigo wa kuni ukalala mgongoni, nikayumba. Kisha ukanionya: "Ukiitwa kwa ukungu, usiitike mara ya kwanza. Mtu ako hai huita mara mbili."

"Na yule mwingine?" nikauliza. Ukainua mzigo wako ukaenda zako.

Baada ya siku hiyo, mkanda huo hukumwachia mtu tena. Ulikuchimbia mfereji kwenye paji la uso, nami nilipokuosha uzeeni nilikuwa nikiupitishia kidole. Hata uliposhindwa kubeba kuni, ulilala nao chini ya mto. Halafu jioni moja, tukimenya viazi, uliinua kichwa ukasema, "Nakuja." Hakuna aliyekuwa ameita. Kisu kikaniponyoka. Wiki hiyo hiyo tulikuzika.

Mkanda nikauchukua mimi. Wangui, binti yangu niliyempa jina lako kama desturi yetu inavyotaka, ameuomba mpaka amechoka. "Maitu, mama, wacha kichwa ngumu," husema. "Wewe ni mzee sasa." Nami humwambia achunge mdomo wake.

Juzi nilipanda msituni peke yangu. Nilipotaka kusimama na mzigo, goti likakataa. Nikajaribu tena, nikaishia kukaa kwenye majani yaliyolowa, ukungu ukiwa mzito hata miguu yangu siioni.

Ndipo nikaitwa. "Nyambura." Mara moja tu, karibu na sikio, kwa sauti yako ile ya kuniita nije kula. Hakuna aliyebaki anayeniita kwa jina hilo. Kwa wote mimi ni mama au nyanya. Nikafungua mdomo. Mama, nilitamani sana kuitika.

Kisha kutoka bondeni: "Maitu! Maitu!" Hiyo niliitikia.

Wangui alifika akihema, akautazama mzigo, akanitazama mimi. Nikauvua mkanda na kumvika mimi mwenyewe. Nilidhani nitalia, lakini nilichosikia ni shingo kuwa nyepesi. Tukashuka, yeye mbele na kuni, mimi nyuma nimeshika pindo la sweta yake. Njiani akaniuliza, "Nani alikuwa anakuita huko juu? Mimi nimefuata tu hiyo sauti."

Sijui kama ulikuja kunichukua au kumwonyesha nilipo.

Sasa jioni hukaa mlangoni, mikono mitupu, nikisikiliza. Naogopa, sitakuficha, ila si kama zamani. Kuni zinaletwa bila mimi na moto unawaka vilevile. Mtoto wa Wangui bado anatambaa; ningependa kumwona akisimama. Kwa hiyo usiwe na haraka. Lakini ukichoka kunisubiri, niite mara moja tu, kama juzi.

Nitaitika.

Ni mimi, binti yako, ambaye paji lake la uso nalo lina mfereji.