Maharage Meusi ya Shangazi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na maabara yetu imepakwa rangi mpya.

Yale maharage meusi uliyonipa, ukisema hayajawahi kushikwa na ugonjwa wa kutu, niliyacheka, nikayapika, tukala na wenzangu. Moja lilidondoka kabla ya kupikwa, likaota karibu na bomba, nikapima jani lake kwa mzaha tu. Ile alama ya vinasaba vya kinga tunayoitafuta mwaka wa sita huu imo! Nilipoukimbilia mche, mfagizi alikwisha kuung'oa.

Bosi kaniuliza mbegu ziko wapi. Nimemwambia zilipotea njiani.

Najua ulinipa zote, ukapanda za dukani nilizokusifia. Kung'uta magunia, Shangazi. Likipatikana hata moja, usinitumie mimi. Lipande mwenyewe.

Mtoto wa kaka yako,
yule msomi wenu